Nyumba ya mawe, Wi-Fi na paipu tupu

Najua nimekuwa kimya, na wachache walioniuliza niliko niliwajibu kwa neno moja tu: mjengo. Aliyewahi kujenga Kenya hii hahitaji maelezo zaidi. Leo basi sina habari za programu wala lugha za kompyuta. Nataka kuandika juu ya paipu za plastiki, kwa sababu katika miezi yote ya kujenga hakuna kitu kilichonifikirisha kama hizo. (Sawa, pesa zilinifikirisha zaidi. Paipu zilikuwa za pili.)

Nyumba iko Juja, kwenye ploti ya hamsini kwa mia, kuta za mawe ya kukatwa kwa mashine, na ghorofa moja juu. Chini kuna sebule, jikoni, stoo ndogo chini ya ngazi, na kule nyuma kabisa chumba cha mama yangu. Juu kuna vyumba vya kulala na kijichumba ambacho ni ofisi yangu. Tangu 2020 kazi yangu ni ya nyumbani: mikutano kwa video asubuhi, kutuma na kuvuta mafaili makubwa mchana kutwa, na wenzangu wako nchi nne tofauti. Mtandao ukikatika mimi niko nje ya ofisi, hata kama nimeketi kitini.

Mama naye ana mtandao wake. Dada yangu ni muuguzi Uingereza, na kila Jumapili baada ya kanisa huonana kwa video. Kule kwetu Murang'a simu hushika vizuri chini ya mparachichi mmoja, kwa hiyo mama amezoea kwenda kuketi pale na shuka lake, mvua au jua. Tulipomwomba ahamie kwetu, magoti yakiwa yameanza kumsumbua, alikubali bila maneno mengi. Aliuliza kitu kimoja tu: kama huko Juja atamwona mtoto wake akiwa ameketi kitandani. Nikasema ndiyo. Halafu nikaangalia ramani ya nyumba nikaona chumba chake kiko kona iliyo mbali kuliko zote, nyuma ya kuta mbili za mawe.

Mke wangu aliponiona na ramani, kalamu nyekundu na futi ya kupimia, akauliza swali ambalo nina hakika wewe pia unalo: "Si siku hizi kila kitu ni Wi-Fi? Waya za nini tena?"

Swali halali kabisa. Nikamjibu kwa vipimo. Nyumba tuliyokuwa tumepanga ilikuwa ya mawe kama hii. Kuna programu za bure za simu zinazoonyesha nguvu ya mawimbi ya Wi-Fi, nayo hupimwa kwa dBm, namba ambazo ziko chini ya sifuri. Nikasimama karibu na rauta: -42. Nikaenda nyuma ya ukuta mmoja: -57. Nikaenda chumba cha mwisho, kuta mbili: -74. Kwa macho hizo ni tofauti ndogo tu, lakini vipimo hivi havijumlishwi kama shilingi. Kila ukishuka 10, nguvu inabaki sehemu moja ya kumi. Kutoka -42 hadi -74 ni kushuka 32, maana yake kwenye chumba cha mwisho ilifika chini ya sehemu moja ya elfu moja na mia tano ya nguvu iliyokuwa karibu na rauta. Ukuta wa mawe wa inchi 9 hauna huruma. Slabu ya zege yenye vyuma ndani ni mbaya zaidi. Halafu mawimbi ya 5 GHz, yale yenye kasi nzuri, ndiyo yanayochoka upesi ukutani. Yale ya 2.4 GHz hupenya vizuri zaidi, lakini yana chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, na ukiishi mtaa wenye majirani wengi mnagombania hizo hizo tatu.

Watu wengi dawa yao ni kununua vile vifaa vya kurudia mawimbi, unachomeka kwenye soketi katikati ya nyumba. Vinasaidia, sikatai. Lakini kifaa kinachosikia na kurudia kwa redio ile ile kinatumia nusu ya muda wake kusikia na nusu kusema, kwa hiyo kasi inakatwa karibu nusu. Na kama umekiweka mahali ambapo chenyewe kinasikia vibaya, kinarudia ule udhaifu wake kwa uaminifu mkubwa!

Jambo ambalo matangazo ya rauta hayasemi ni kwamba Wi-Fi nzuri ni Wi-Fi yenye waya. Redio inatakiwa isafiri mita chache za mwisho tu, kutoka dari ya chumba hadi simu mkononi. Safari iliyobaki, kupitia mawe na slabu, ifanywe na kebo. Maofisini, hotelini na vyuo vikuu ndivyo wanavyofanya, vile visahani vyeupe unavyoviona darini vyote vina mkia wa kebo nyuma yake.

Mke wangu akaelewa. Tatizo likawa pesa. Nilikuwa nimeandika bajeti ya mtandao: paipu, kebo, maboksi ya ukutani, swichi, vituo vya Wi-Fi, kabati dogo la kuvitia. Jumla yake ilikuwa karibu sawa na kabati za jikoni, na fundi wa mbao alikuwa anasubiri malipo ya kwanza. Tulibishana siku mbili. Siku ya tatu akaichukua ile karatasi akauliza, "Kati ya hivi vyote, ni kipi hatuwezi kukifanya baadaye?"

Nilikaa kimya muda mrefu. Nimehudhuria mikutano mingi ya mipango ya programu, sijaulizwa swali zuri kama hilo. Swichi inaweza kununuliwa mwaka ujao. Vituo vya Wi-Fi vilevile. Hata kebo inaweza kuvutwa baada ya rangi kukauka. Kitu pekee ambacho hakina baadaye ni njia: paipu ndani ya slabu na ndani ya ukuta. Zege likishamwagwa, limemwagwa. Plasta ikishapigwa, kila inchi ya kuchonga ni vumbi, rangi mpya na ugomvi. Nikapiga hesabu upya nikakuta paipu na maboksi yake ni kama sehemu moja ya tano ya bajeti yote. Tukakubaliana: njia zote sasa, vilivyobaki kidogo kidogo. Kabati za jikoni zikalipwa.

Tena ukiangalia historia, hivyo ndivyo teknolojia hii imeendelea. Etheneti ilizaliwa 1973 huko Xerox PARC, California, mikononi mwa Robert Metcalfe na wenzake, na ilitumia waya mmoja mnene ambao kompyuta zote ziliugawana. Waya tunaotumia leo, jozi nne zilizosokotwa, ni mjukuu wa waya wa simu: Alexander Graham Bell alipata hataza ya jozi iliyosokotwa mwaka 1881. Etheneti ilipohamia kwenye waya wa namna hiyo, kiwango cha 10BASE-T cha 1990, sababu kubwa ilikuwa kwamba majengo ya ofisi yalikuwa tayari yana waya za simu kutani. Gigabiti moja ilipokuja 1999 ilitengenezwa ipite kwenye Cat 5 iliyokuwa tayari imefukiwa. Na mwaka 2016 kikatoka kiwango cha 2.5 na 5 Gbps, kwa sababu vituo vipya vya Wi-Fi vilikuwa vimeipita gigabiti moja na hakuna aliyetaka kubomoa kuta. Yaani mara kwa mara wahandisi wamehangaika na hesabu ngumu ili wasiguse ukuta wa mtu. Ukuta hudumu kuliko kebo, na kebo hudumu kuliko kifaa. Paipu tupu inakupa ruhusa ya kubadilisha mawazo.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe.

Mfumo ni wa nyota. Kila sehemu ya nyumba inapata kebo yake, na zote zinakutana mahali pamoja. Usiunganishe chumba kwa chumba kama taa za Krismasi. Mahali pa kukutania nilichagua stoo chini ya ngazi. Wengine hupenda jikoni au ndani ya kabati la nguo. Jikoni kuna mvuke na mafuta, na kabati la nguo halipumui, vifaa hivi hutoa joto mchana na usiku. Stoo iko katikati ya nyumba, ina mlango, na fundi wa mbao aliuwekea mlango huo matundu ya hewa chini na juu. Nikaomba soketi mbili za stima zenye laini yake peke yake.

Urefu haukunisumbua. Kiwango kinaruhusu mita 100: 90 ndani ya ukuta na 10 za nyaya fupi za pande mbili. Kwenye ploti ya hamsini kwa mia, futi hizo, safari yangu ndefu kuliko zote haikufika mita 30.

Idadi ilikuwa hivi: ofisini kebo nne, kwa sababu ndipo ninapolia nikikwama. Nyuma ya televisheni sebuleni mbili. Chumba cha mama mbili. Darini kwenye korido ya juu moja, na darini kwenye korido ya chini moja, nje kidogo tu ya mlango wa mama, hizo ni za vituo vya Wi-Fi. Moja nje juu ya mlango mkubwa kwa ajili ya kamera. Vyumba vya kulala vya watoto nikaviwekea paipu na boksi lenye kifuniko kitupu, bila kebo. Chumba chetu mke wangu alikataa kabisa. Alisema humo hakuna televisheni itakayoingia, leo wala kesho, kwa hiyo paipu ya nini? Tukaacha.

Fundi wa stima ni mzee wa miaka sitini na zaidi, ameweka waya kwenye nyumba nusu ya mtaa ule. Tulianza vibaya kidogo. Yeye alitaka kebo zangu zipite kwenye paipu moja na waya za stima. "Kijana, hii waya yako haina stima, itaumia wapi?" Nikamwambia, "Mzee, ndiyo maana naogopa." Waya wa stima ukikwaruzwa wakati wa kuvutwa, na kebo ya mtandao iko ubavuni mwake, hizo volti 240 zinapata njia hadi kwenye kompyuta na mkono unaoishika. Hilo ndilo kubwa. La pili ni kelele za stima kuingia kwenye data, ambazo kusokotwa kwa jozi hupunguza lakini hakumalizi. Alifikiri kidogo, akasema hilo la mkono ameelewa. Tukapanga: paipu za mtandao zikae futi moja mbali na za stima kila zinapokwenda sambamba, na zikilazimika kupishana zipishane kama msalaba, pembe mraba.

Baada ya hapo mwalimu akawa yeye. Mimi nilikuwa nimeandika kona za kununua dukani, zile zilizokunjwa kwa ghafla. Akazitupa pembeni. Akatoa springi ndefu ya chuma, akaiingiza ndani ya paipu, akaikunja gotini taratibu hadi ikawa mviringo mpana, akaichomoa springi. Kebo ya Cat 6 haitakiwi kukunjwa kwa ukali, kunjo lake liwe na nusu-kipenyo cha angalau mara nne ya unene wa kebo, na kwa kona za dukani kuvuta kebo tatu pamoja ni vita. Kanuni yake nyingine: kona mbili tu kati ya boksi na boksi. Ukihitaji ya tatu, weka boksi katikati. Na akaniambia tutumie paipu za milimita 25, si zile 20 alizozoea. Nilikuwa nimefikia hapo hapo kwa hesabu: kebo moja ina unene wa kama milimita 6, na ukijaza paipu zaidi ya asilimia 40 kuvuta kunakuwa kugumu. Ya 20 inabeba mbili kwa raha, ya 25 inabeba nne. Yeye hakupiga hesabu yoyote, aliishika tu kebo kwa vidole.

Kuchonga ukuta nako kuna adabu yake. Kanuni inayotumika sana ni kwamba mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi moja ya sita. Kwenye ukuta wa ndani wa inchi 6 hiyo ni inchi mbili kwa wima na inchi moja tu kwa mlalo. Kwa hiyo paipu zilishuka wima kutoka slabuni, hazikuzunguka zunguka. Nguzo na biimu hakuna aliyezigusa.

Siku ya kumwaga slabu ilikuwa Agosti 2024. Paipu zilikuwa zimefungwa kwa waya mwembamba kati ya vyuma vya chini na vya juu, midomo yake imezibwa kwa plastiki na gundi ili uji wa simiti usiingie. Jioni iliyotangulia nilipiga picha kila upande. Nilifika saa moja asubuhi nikakuta watu ishirini, mashine inaunguruma, na wilibaro zinakimbia juu ya vyuma kama siku ya mashindano. Hakuna paipu ya plastiki inayopenda wilibaro iliyojaa zege. Mzee alizunguka nao saa sita nzima akisogeza mbao za kukanyagia. Hata hivyo paipu moja iliumia mahali fulani. Tulijua miezi baadaye, kamba ilipokataa kupita kwenda ofisini. Lakini ofisi ilikuwa na paipu mbili zilizopita njia tofauti, moja slabuni na moja kwenye ukuta wa ngazi, na kebo zote nne zikaingia kwenye hiyo ya pili. Mzee alikuwa amesisitiza ziwe mbili. Mimi nilikuwa nimeuliza kwa nini.

Picha ziligeuka kuwa mali. Kabla ya plasta nilipiga kila ukuta huku futi ya kupimia imening'inizwa pembeni, ikionyesha umbali kutoka kona na kutoka sakafuni. Fundi wa mapazia alipokuja na mashine yake ya kutoboa sebuleni nilifungua picha kwenye simu nikamwonyesha mahali paipu ilipo. Alisogea inchi nne.

Kila paipu iliachwa na kamba ya nailoni ndani. Wakati wa kuvuta kebo, Mzee hakuruhusu sabuni wala mafuta. Alitumia poda, ile ya kawaida ya watoto. Mmoja anasukuma, mwingine anavuta polepole, na ukisikia imegoma unarudi nyuma, hutumii nguvu. Kebo hizi zinavumilia mvuto wa kama kilo 11 tu kabla misokoto ya ndani haijaharibika.

Sasa kebo yenyewe. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu pesa za watu zinapotea. Nilikwenda mjini, barabara ya Luthuli, maduka ni mengi. Duka la kwanza walinionyesha boksi la mita 305 limeandikwa Cat 6 kwa herufi kubwa, bei karibu nusu ya nilivyotarajia. Nikaomba kipande, nikachuna waya mmoja kwa wembe. Juu shaba, ndani nyeupe. Hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Wauzaji huiita CCA, na mara nyingi hawaiiti kitu chochote. Aluminiamu hupitisha umeme kwa kama asilimia 60 ya shaba, hukatika ukiikunja mara chache, na ukipitisha umeme ndani ya kebo hupata joto zaidi. Kiwango cha kebo hizi kinataka shaba tupu, kwa hiyo boksi lile halikuwa na haki ya kuitwa Cat 6 hata kidogo. Muuzaji aliniambia wote wananunua hiyo. Huenda ni kweli. Duka la tatu nilipata ya shaba, na tofauti unaisikia hata kwa kulibeba boksi: lile la shaba ni zito waziwazi.

Kwa nini Cat 6 na si nyingine? Cat 5e inabeba gigabiti moja mita 100 bila shida, na kwa nyumba nyingi ingetosha. Cat 6 inafikisha gigabiti 10 hadi mita 55 hivi, na nimesema safari zangu hazifiki 30. Cat 6A inafikisha 10 kwa mita zote 100, lakini ni nene, ngumu kukunja na ghali. Nikaiacha.

Miisho nilifunga mwenyewe usiku, watoto wakishika tochi. Rangi nane, mpango wa T568B pande zote mbili. Ungechagua T568A ingekuwa sawa pia, mradi usichanganye. Usifungue msokoto zaidi ya milimita 13 mwishoni. Kile kipimo cha taa nane cha bei rahisi kinakuambia tu kwamba waya zimefika kwa mpangilio, hakisemi lolote kuhusu kasi. Kwa hiyo nilichukua kompyuta mbili, nikaendesha iperf kwenye kila kebo, moja baada ya nyingine. Gigabiti moja ikiwa nzima inakupa kama 940 Mbps, nyingine huliwa na vichwa vya pakiti. Moja iliniletea 94, dalili ya kawaida kwamba jozi mojawapo haijashika na vifaa vimekubaliana kushuka hadi 100. Waya wa kahawia ulikuwa haujazama vizuri. Nikaufunga upya.

Na sasa raha yangu kubwa kuliko zote, hasa kwa nchi ambayo stima hupotea bila kuaga. Kebo hizi hubeba umeme pia. Kiwango cha kwanza cha PoE, cha 2003, kilitoa wati 15.4 kwa kila mlango wa swichi, na cha 2009 kikafikisha 30. Vituo vyangu vya Wi-Fi na kamera havina soketi zao wenyewe, vinakula kutoka kwenye swichi pale stoo. Maana yake ni kwamba nikiweka betri moja stoo, nyumba nzima ina mtandao wakati wa giza. Hesabu: swichi, rauta, vituo viwili na kamera ni kama wati 50 kwa jumla. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina kama wati-saa 1,200. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, ni saa kumi na mbili ukiondoa kidogo kinachopotea njiani. Ile nyumba ya kupanga ungehitaji betri kwenye kila kifaa.

Nje ya nyumba nilikuwa mwoga makusudi. Majirani waliniambia nivute kebo hadi kwenye kijumba cha bawabu. Shaba inayotoka jengo moja kwenda jingine ni mwaliko kwa radi. Waulize watu wa Kisii na Kakamega, wanaijua radi kuliko sisi wa huku. Haihitaji hata kupiga nyumba yako, ikipiga karibu tu, umeme wa ghafla hupanda kwenye waya na kuchoma kila kilichounganishwa. Kati ya majengo pita na faiba, kioo hakibebi umeme. Kwa hiyo kuna paipu ya milimita 32 kutoka langoni hadi stoo, tuliilaza ule mtaro wa maji ulipokuwa wazi, ikawa karibu bure. Imeinama kidogo kuelekea nje ili maji yasiingie ndani, na midomo imezibwa kwa sababu panya wa Juja hawachagui chakula. Kazi yake kubwa ni kuisubiri kampuni ya faiba, ije ipite chini badala ya kutoboa ukuta kando ya dirisha.

Tulihamia Aprili 2025. Faiba haikuwa imefika barabara yetu, na bado haijafika. Mkonga wa TEAMS ulifika Mombasa 2009, lakini kutoka barabara kuu hadi lango langu ni kama mita 400 ambazo hakuna aliyezipenda bado. Kwa hiyo tunatumia rauta ya laini ya simu, na stoo chini ya ngazi ni shimo, haishiki hata 3G. Mahali pazuri ni dirisha la ofisini, juu. Basi rauta iko pale dirishani, inatumia moja ya zile kebo nne kushusha mtandao hadi swichi stoo, na kutoka hapo unasambaa nyumba nzima kama vile ulivyopangwa. Nyota haijali mtandao unaingilia ncha gani. Faiba ikija, nitachomoa waya mmoja na kuchomeka mwingine.

Kitandani kwa mama simu yangu inasoma -51. Yeye hajui namba hiyo wala hajaiuliza. Malalamiko yake ni kwamba sasa dada yangu anapiga hata Jumatano, na kwamba anaonekana amekonda, jambo ambalo chini ya mparachichi lilikuwa halionekani vizuri.

Mzee wa stima naye siku hizi akipewa nyumba mpya huuliza, "Na paipu za intaneti?" na kuziandikia bei yake. Juzi alinipigia simu akitaka kujua kama milimita 25 itatosha kebo sita. Nikamwambia aweke paipu mbili.